Tairi la baridi likitoboka, lisizibwe kabla ya kuvuliwa rimu

Fundi akichomoa msumari, akasokomeza utambi wa gundi kwa nje na kukuambia uende, hajatengeneza tairi. Amezuia upepo tu. Kwa tairi la majira ya baridi kosa hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu barabara nyingi za theluji humwagiwa chumvi. Maji ya chumvi hupenya pembeni mwa utambi, yakafika kwenye waya za chuma zilizo chini ya kashata, yaani sehemu yenye mifereji inayokanyaga barabara, kutu ikaanza, na mpira ukaachana na waya taratibu. Kwa nje huoni kitu, mpaka siku kashata inapobanduka gari likiwa kwenye mwendo.

Ila kwanza uhakikishe kweli ni pancha. Joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, upepo hupungua kama PSI (kipimo cha msukumo wa upepo) 1 hadi 2, kwa hiyo taa ya upepo ikiwaka asubuhi ya baridi kali, pima matairi yote manne. Yakiwa yamepungua sawasawa, jaza upepo, basi. Likiwa limepungua moja, lipake maji ya sabuni kwenye kashata, kwenye valvu na pale mpira unapokutana na rimu. Povu likitoka hapo pa mwisho, huenda chumvi imekula rimu ya alumini na kuiachia magamba. Dawa yake ni kuvua tairi, kusugua ukingo wa rimu mpaka uwe laini na kupaka gundi ya ukingo. Tairi lenyewe halina kosa.

Kama ni tundu, livuliwe na likaguliwe ndani. Hapo ndipo ukweli ulipo. Pitisha vidole upande wa ndani wa ubavu. Mpira mzima ni laini na mkavu. Uliosagika kwa kutembezwa bila upepo una mikunjo na michubuko kuzunguka tairi lote, na huacha unga mweusi kidoleni kama masizi. Ukiuona unga huo, tairi limekwisha, hata kama tundu ni dogo kama sindano na kashata ni mpya. Ubavu uliosagwa umeshapoteza nguvu ya nyuzi zake, na hakuna kiraka kinachoirudisha.

Likiwa zima ndani, linazibika kwa masharti: tundu liwe katikati ya kashata, mbali na bega (pale kashata inapokutana na ubavu), na lisizidi milimita 6. Fundi apitishe keekee kwenye tundu kuondoa waya zilizochomoza na kutu, akwaruze mpira wa ndani, apake gundi na kuiacha ikauke mpaka ishike kidole, kisha avute kiraka chenye shina, kile chenye umbo la uyoga, kutoka ndani kwenda nje. Shina linajaza tundu lisiingize maji, kofia inazuia upepo. Moja bila jingine ni nusu ya kazi. Baadaye gurudumu libalansiwe upya. Kama uliingiza povu la dharura la kuzibia pancha, mwambie fundi kabla hajafungua, na kihisi cha upepo kisafishwe.

Ubavu hauzibwi. Uvimbe pia hauna mjadala: shimo lililofichwa na theluji limebana tairi dhidi ya rimu, nyuzi zimekatika, na kinachozuia upepo ni mpira mtupu.

Tairi likishindikana na ukalazimika kununua jipya, tatizo linalofuata ni mwenzake wa ekseli moja. Tairi jipya la baridi huwa na kashata yenye kina cha milimita 8 au 9, na mimi nashikilia kwamba likishuka chini ya 4 halifai tena kwenye theluji, ingawa sheria katika nchi kadhaa inaruhusu hadi 1.6. Yaliyobaki yakiwa yamelika sana, nunua mawili na uyafunge ekseli moja. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne halivumilii tofauti ya kina kati ya matairi: watengenezaji wengi hawataki izidi milimita 2 au 3, kwa sababu difa, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, hulazimika kufanya kazi muda wote. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ubavuni. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake haithibitishi kwamba tairi limepimwa kwenye theluji. Angalia pia mshale wa mzunguko, kwani likifungwa kinyume, mifereji haisukumi maji na theluji inavyopaswa.

Spea nayo mara nyingi ni ya kiangazi, na mpira wake hukakamaa joto likiwa chini ya nyuzi 7. Ile nyembamba imeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa. Ni ya kukufikisha kwa fundi, haimalizi msimu.

Wakati wa kufunga, sugua kutu kwenye kitovu ambapo rimu inakaa, usipake grisi kwenye nyuzi za nati, kaza nati kwa kuvuka upande hadi upande wa pili, kwa spana yenye kipimo kufuata kitabu cha gari, kisha rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100.