Upande wa Nyuma wa Daftari la Mama

Mama yangu alikuwa na duka dogo Marangu: sukari ya kupima, mafuta ya taa, chumvi, sabuni ya mche. Madeni aliyaandika kwenye kaunta buku la kwaya mbili, lililofungwa kwa uzi kwenye msumari pembeni ya mzani. Watoto tulikatazwa kuligusa, nami sikuligusa mpaka nilipokuwa mtu mzima, Desemba moja nilipopanda nyumbani kwa Krismasi nikiwa sina kazi.

Mkataba wangu ulikuwa umeisha mwezi wa nane na haukuongezwa. Katika miezi ile nilihudhuria maombi mengi, na mhubiri mmoja akanifundisha kwamba nisitamke kamwe neno "sina kazi". Nikiri kwamba ninayo, nipokee, itakuja. Nilikiri kwa moyo wangu wote. Mwenye nyumba alipokuja kudai kodi nilimwambia mambo yako vizuri. Usiku nikibaki peke yangu nilikuwa na hofu mbili: hofu ya kukosa kazi, na hofu kwamba hiyo hofu yenyewe ndiyo inayoifukuza kazi.

Siandiki haya kumsema mtu. Naandika kwa kuwa najua wapo Wakristo wengi wanaobeba mzigo huohuo leo, wakidhani imani ni kufumba macho yasione kilichopo. Miaka imepita na sasa naamini kwamba matumaini yetu hujengwa kwa kumbukumbu. Anayekumbuka alivyovushwa jana anapata nguvu ya kuitazama kesho ikiwa haijulikani, bila kujidanganya.

Somo hilo nililipata dukani. Mama alinituma nikatazame deni la jirani, nami kwa haraka nikalifungua daftari kwa nyuma, juu chini. Hakukuwa na majina ya wadeni. Palikuwa na mistari mifupi mifupi, kila mmoja na tarehe yake. "Sukari imeisha yote. Asante Bwana." "Baba amelala bila kukohoa." "Mvua usiku. Migomba imeinuka." Kurasa kwa kurasa, miaka na miaka. Nikafika kwenye wiki tuliyomzika Baba. Mstari wa siku ya pili baada ya maziko ulisema: "Leo sijaona kitu. Nitaangalia kesho." Uliofuata ulikuwa wa siku tano baadaye: "Wameleta mtori. Nimekula."

Nikatoka nalo mpaka uani. "Mama, hii ni nini?"

Hakuacha kuchambua maharage. "Baba, huko mbele ni watu ninaowadai. Huko nyuma ni yule anayenidai mimi."

Tangu siku ile nikilisoma jina Ebenezeri, ambalo tumeliandika kwenye maduka, saluni na vioo vya daladala, nalisoma taratibu. Katika 1 Samweli 7 nabii Samweli anasimamisha jiwe, analiita Ebenezeri, na kusema, "Hata sasa BWANA ametusaidia." Hata sasa, maana yake mpaka hapa tulipofika. Ya mbele hakuyataja. Na ukirudi sura ya 4 unakuta Israeli walipiga kambi karibu na Ebenezeri wakapigwa na Wafilisti, mara ya kwanza wakafa watu 4,000, mara ya pili 30,000, na sanduku la agano likachukuliwa. Jina la shukrani ni lilelile la mahali pa kushindwa. Mama hakupata shule kubwa, lakini daftari lake lilikuwa na wadeni upande mmoja na jiwe la Samweli upande wa pili, na vyote viwili vilikuwa kweli.

Sisi Walutheri tuliokaa darasa la kipaimara tulifundishwa Katekisimo Ndogo, ile ya mwaka 1529, na wengi tuliikariri ili tufaulu tu. Ndani yake Martin Luther ameweka sala ya asubuhi na sala ya jioni. Baada ya sala ya asubuhi anaagiza uende kazini kwa furaha, ukiimba. Baada ya ile ya jioni, ulale mara moja kwa moyo mchangamfu. Utotoni nilidhani huyo ni mtu asiyejua shida. Kumbe mwaka uliotangulia, Agosti 1528, yeye na mkewe Katharina walikuwa wamemzika binti yao Elisabeth kabla hajatimiza miezi 8. Baba aliyetoka kumzika mwanawe ndiye anayetuambia tulale. Tangu nilipolijua hilo, ile sala ya jioni siisemi tena haraka haraka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na kidogo ambacho hata siku mbaya haiwezi kukiangusha. Asubuhi kabla ya kushika simu, soma zaburi moja kwa sauti. Zaburi ya 13 ina aya 6 tu. Inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini atamsahau mtu wake, na inamalizikia kwenye wimbo, na hapo katikati hakuna tatizo lolote lililoondoka. Anayeisoma hawezi kuogopa tena kumwambia Mungu "sina kazi". Kwenye foleni ya magari ya Kimara, Dar es Salaam, taja watu kwa majina mbele za Mungu, mmoja mmoja, hata wale uliogombana nao. Ukiosha vyombo, imba. Hayo hayahitaji maelezo marefu.

Linalohitaji ujasiri ni jumuiya. Tunakutana nyumba kwa nyumba, na tumezoea kuleta maombi ya jumla: wagonjwa, wasafiri, taifa. Jumamosi moja Januari, niliporudi kutoka Marangu, zamu ya maombi ilinifikia nikasema mbele ya watu kumi na mmoja kwamba sina kazi tangu mwezi wa nane na kodi imenishinda. Kukawa kimya. Kisha mzee wetu wa jumuiya akasema, "Mwanangu, mbona ulitunyima kukubeba?" Wiki ile nilipata unga, na kijana mmoja akanipeleka kwa fundi aliyehitaji mtu wa kuandika hesabu za ghalani kwa muda. Kazi ya kudumu ilikuja miezi mingi baadaye, na sitasema daftari ndilo lililoileta. Nitasema tu kwamba nilikuwa nimeanza kulala. Paulo, akiwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo. Amejifunza. Kama mtume alihitaji kujifunza, nami naruhusiwa kuwa mwanafunzi wa polepole.

Daftari langu nalifungua kwa nyuma, kama lake. Sharti langu ni moja: niandike kitu ninachoweza kukionyesha kwa kidole. "Mungu ni mwema" siandiki, hata kama naamini, kwa sababu ningeliandika kila siku bila kutazama chochote. Naandika homa iliyoshuka, nauli iliyotosha, simu ya kaka aliyenuna mwaka mzima. Na siku nisiyoona kitu, naandika kwamba sijaona.

Duka Mama amelifunga, na macho yake hayasomi mistari tena. Saa tatu usiku ananipigia, anataja, mimi naandika kwenye kaunta buku lake ambalo sasa liko kwangu. Jana alifikiri kwa muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

"Andika kuku ametotoa," akasema. "Sita."