Kanzu ya mshenga

Tanga mwezi wa kumi na mbili kuna lile joto la kulala sakafuni, na mi mwalimu wa shule ya msingi, shule zimefungwa, mshahara umeshaliwa na Krismasi hata haijafika, kwaiyo nikatafuta kitu cha kushika mikono nisije nikarukwa na akili. Kufuma najua toka utotoni, marehemu bibi alinifundisha kroshia kabla sijajua kuandika jina langu, tukafuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya tivii, enzi zile kwetu mpaka redio ilikua inavishwa. Sasa nikaona video moja mzungu anachemsha maganda ya vitunguu anatumbukiza uzi wa sufu unatoka rangi ya dhahabu kabisa, nkasema aah, hii mbona ya bure, maganda ya vitunguu Ngamiani hii yanamwagwa kila barabara kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho.

Nikaanza kupita kwa mama ntilie na ndoo. Wa kwanza akaniuliza ya nini nikamwambia nafuma, akasikia nafuga, akanijazia na maganda ya viazi juu yake, akasema wasalimie mbuzi. Nikaitikia zimefika.

Mzigo wa kwanza ulikua hasara. Nlinunua uzi wa sweta dukani, mlaini, mweupe, nikauchemsha na yale maganda saa nzima jasho linanitoka, nikautoa mweupe vilevile, yaani umeenda kuoga tu. Mdogo wangu wa kiume ambae ndo kwanza kamaliza fomu foo akaja akauangalia akasema dada hii ni akriliki, hii plastiki, haiwezi kushika rangi ya maganda hata uichemshe mpaka Pasaka, rangi hizi zinataka sufu, hariri au pamba. Akaenda zake. Huyu mtoto ana tabia ya kusema ukweli alafu anaondoka, mtamuona huko mbele.

Nikanunua uzi wa pamba sasa. Pamba nayo ina maringo yake, haishiki rangi kirahisi mpaka uipikie kwanza shabu, ile ile ya jiwe jeupe wanayojipaka wazee wakishanyoa ndevu. Kwa nusu kilo ya uzi nikatia shabu gramu mia, nikaulaza usiku. Nikajaribu rosela, ikatoka nyekundu ya kuvutia nikaipiga na picha, kuifua mara moja tu ikawa kijivu cha soksi za mlinzi. Video zikasema ukitaka rangi ikolee tafuta chuma chenye kutu, basi nikaloweka misumari ya zamani kwenye siki nikaiweka uani juu ya kinu. Uani kwetu kuna wapangaji. Siku ya pili nyumba nzima wanajua mwalimu anapika misumari. Mpangaji wa chumba cha mwisho akanivizia magharibi, kajifunika kanga mpaka puani, akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya misumari ni ya kumtuliza mume au ya kesi.

Nkamwambia ya uzi. Akasema sawa mwalimu, kila mtu na siri yake.

Ndo nikageukia manjano. Manjano jamani ni raha, hayataki shabu wala misumari wala nini, yanaingia kwenye pamba yenyewe moja kwa moja, unayatwanga unachemsha unatumbukiza uzi unatoka njano ile ya kuumiza macho. Nilinunua sokoni Mgandini ya kutosha mpaka muuzaji akauliza shughuli lini, akidhani ni ya singo, ile ya kumsugua bi harusi mwilini. Na kweli shughuli ilikuepo njiani, mana dada yangu mkubwa alikua anatarajia wageni wa posa mwanzoni mwa Januari, mama akasema basi fuma vitambaa vya makochi vipya, hivi vya zamani vimekua vya aibu, watu wasije wakasema tumeshindwa. Nikafuma mpaka kidole cha shahada kikaota sugu. Kochi kubwa nikalifunika lote, mgongo na makalio, maua makubwa yameungana, sebule ikawaka. Kuusuuza ule uzi ndo niliusuuza kidogo, bomba lilikua linatoka maji usiku wa manane tu na vindoo vyenyewe vya kugombania na wapangaji, unatakiwa usuuze mpaka maji yatoke meupe, yangu yalitoka njano nikasema si ndo rangi yenyewe.

Siku ya posa wakaja wazee watatu baada ya adhuhuri. Mshenga wao mtu mzima, mnene wa heshima, kanzu nyeupe pee imenyooshwa mpaka mikono inasimama yenyewe, kofia ya vito, udi unanukia toka barazani. Baba akamkaribisha kochi kubwa. Sisi wanawake tuko nyuma ya pazia, mimi, mama, shangazi, na dada mwenyewe kajificha chumbani anajifanya hataki kusikia huku mlango kauacha wazi.

Umeme ukakatika.

Feni ikazunguka mara mbili za kuaga ikasimama. Tanga Januari, bati, saa nane mchana, wazee watatu wa maana kwenye sebule ya madirisha mawili, na salamu peke yake za watu wa pwani unazijua zinavyoenda, ukoo kwanza, marehemu, mvua, nani kaumwa, nani kapona, mpaka wafike kwenye barua ya posa mtu ameshalowa. Mi napeleka juisi ya ukwaju naona kabisa mshenga jasho linamtiririka anajifuta na leso, anajiegemeza vizuri, anajisugua sugua kutafuta upande wenye ubaridi. Wala sikufikiria kitu. Niliona tu kapapenda.

Adhana ya alasiri ikalia, mshenga akasema tukaswali kwanza tukirudi tumalizie, akainuka, akageuka kutafuta viatu.

Ua lote la kroshia lilikua mgongoni kwake. Sio doa, ua, na majani yake, na ile pindo ya nje niliyohangaika nayo wiki nzima, limejichapa njano kwenye kanzu nyeupe, na huko chini alikokalia ndo usiseme, maua manne yamebanana. Shangazi nyuma ya pazia akaniminya mkono mpaka damu ikasimama. Mama akasema kimoyomoyo lakini tukasikia wote, Mola nisitiri. Baba akawa wa kwanza kusema, mzee wangu subiri kidogo, ile ya mtu anaemwambia mwenzie kuna nge begani.

Huwezi kumpeleka mtu msikitini hivyo, safu ya nyuma nzima wataswali wanamsoma. Ikabidi avue, na shuka la ndani nalo lilikua limepata mgao wake, kwaiyo baba akaingia chumbani akatoka na kikoi chake kile cha Idi ambacho sisi hata kukigusa haturuhusiwi, na fulana, mshenga akavaa, wakaswali hapohapo nyumbani.

Kanzu ikaletwa uani. Shangazi akaniambia kaa pembeni wewe na misumari yako, akachukua sabuni ya mche, akalowesha, akaipaka pale kwenye njano kwa nguvu zote za mtu aliyefua nguo za watoto saba.

Ikawa nyekundu.

Sio kwamba ilikua inaelekea nyekundu, hapana, palepale, chini ya mkono wake, ua la njano likageuka likawa jekundu la damu iliyoganda, na kadri anavyosugua ndo linavyozidi, mikono yake, povu, beseni, kila kitu. Shangazi akapiga ukelele mmoja, DAMU, akaitupa kanzu. Wapangaji wote nje. Yule wa chumba cha mwisho akachungulia akaona kanzu ya mwanaume inachuruzika nyekundu kwenye beseni akasema, sikusema mimi, misumari hiyo. Mzee mmojawapo wa ile posa akatokeza kichwa dirishani kuuliza kuna usalama, mama akamjibu upo baba, tunachinja kuku. Hatukua na kuku.

Mi nimeganda. Ndo dogo akaja, mkononi ana sambusa, akaangalia beseni akafurahi kabisa, uso umemchangamka, akasema, shangazi hiyo ni indiketa! Shangazi akasema ni nini. Dogo akaanza, manjano yana kitu kinaitwa kurkumini, ukikiwekea asidi kinakaa njano, ukikiwekea besi kinageuka chekundu, sasa sabuni ya mche ni besi, imetengenezwa na kostiki soda, tulifanya kwenye praktiko, tulitumia karatasi iliyopakwa manjano. Shangazi mikono yote myekundu akamuuliza, wewe mtihani ulipata ngapi. Dogo akasema matokeo hayajatoka. Shangazi akasema basi yaache yatoke kwanza ndo uje unifundishe kufua.

Lakini dogo alishafika kwenye ndimu za sambusa, akakamua moja juu ya kanzu, na pale ilipodondokea pakarudi njano. Hivi hivi, tunaona wote. Uani kimya. Shangazi akasogea. Akachukua sabuni akagusa, nyekundu. Akachukua ndimu akagusa, njano. Akarudia sabuni. Mama akasema wifi, ile ni kanzu ya mshenga. Shangazi akasema ngoja kwanza, akagusa tena na ndimu, alishasahau kabisa tuko kwenye posa, na wapangaji wamezunguka beseni kila mmoja anataka ajaribu.

Tukamaliza ndimu zote za nyumba kuirudisha njano, mana bora njano kuliko damu, alafu dogo akasema manjano adui yake jua, anikeni, jua litaikula. Na ni kweli jua linaikula, ndo mana kitambaa kilichotiwa manjano ukikiweka dirishani hakikai mwezi kabla hakijapauka, ila saa kumi jioni jua limebaki la kuanikia leso tu, kanzu nzima haliwezi. Ikatoka imepauka kidogo, maua bado yanasomeka, na inanukia kachumbari.

Ndani huko mazungumzo yalikua yanaendelea na hapo ndo tulipoumia. Mahari alishayataja dada mwenyewe, hayo hayana mjadala, lakini kuna kilemba cha baba, mkaja wa mama, na vya shangazi na wajomba, na baba toka juzi anajitapa hatashuka hata mia. Sasa utabanana vipi bei na mtu aliyevaa kikoi chako? Mshenga nae mjanja, ameshaona. Kila baba akitaja kiasi, yeye anavuta pumzi ndefu, anakikunja kikoi vizuri magotini, anakipapasa, hasemi kitu. Baba anashuka. Kilemba kikaenda nusu. Mkaja ukaenda nusu. Cha shangazi kikafutwa chote, na yeye ndo aliyeshika sabuni. Dada chumbani anacheka mpaka tunamsikia, maana yeye lake lilishakubaliwa.

Waliondoka magharibi, mshenga na kikoi, kanzu kwenye mfuko wa rambo.

Baada ya isha simu ya mama ikaita, mke wa mshenga, kutoka Makorora. Salamu ndefu nzuri, watoto hawajambo, wazee hawajambo, hongereni na posa. Alafu akasema kwa adabu kabisa, dada yangu, mume wangu katoka hapa mchana na kanzu nyeupe na shuka lake, karudi usiku na kikoi cha watu, kanzu imejaa manjano mgongoni, shuka lake silioni, nikimuuliza ananiambia ati ni kochi. Mi singo naijua, nimeolewa nayo. Nauliza tu, huko mlikua mnaposwa au mlikua mnamuoza?

Mama akajaribu kueleza. Wewe jaribu kumueleza mwanamke wa pwani kwenye simu kwamba manjano yaliyo mgongoni kwa mumewe yametoka kwenye kochi, na shuka lake liko kwenye kamba ya kwenu linakauka.

Asubuhi tukaenda, mama, shangazi na mimi, tumebeba shuka limekunjwa vizuri, kitambaa cha kochi, kipande cha mche na ndimu za kununua. Tukakaribishwa kwenye mkeka, chai hatukuletewa. Shangazi ndo akashika maonyesho, nae alikua anayasubiri, akalowesha kitambaa, akapaka sabuni, nyekundu, akakamua ndimu, njano, akasema kurkumini hiyo, bila aibu, mtu aliyemfukuza dogo jana. Mwenye nyumba akakaa kimya muda mrefu, akakichukua kitambaa, akakinusa, akageuza ua akaliangalia, akaenda kuileta kanzu akaliweka ua juu ya ua. Likakaa sawasawa, na pindo yake.

Akacheka. Akaita chai. Akaniuliza hata bei ya kumfumia seti nzima, ila ya kwake niipike na nini hicho kisichohama. Nikamwambia maganda ya vitunguu na shabu, nitasuuza mpaka maji yawe meupe.

Alafu akageukia mlango wa chumbani akapaza sauti, baba fulani, hayo ya manjano yameisha, sasa vua kikoi cha watu waondoke nacho.

Mshenga akajibu kutoka ndani, kanzu ikiwa nyeupe.