Oscar ya 1995 Inatuharibia Kahawa

Jamani, Oscar ya 1995 itaisha lini hapa Ngamiani? Umekaa zako kijiweni, kahawa ya moto, kashata mkononi, mtu anaropoka: "Shawshank waliidhulumu!" Basi, kwisha habari. Eti filamu hiyo, The Shawshank Redemption, iliwania tuzo 7 ikatoka mikono mitupu, Forrest Gump ikazoa 6, Filamu Bora ikiwemo. Tumesikia! Sasa sisi watu wa Tanga tukakate rufaa wapi, kwa mkuu wa mkoa? Na anayebisha kuliko wote filamu yenyewe hajaimaliza, kaishia kumsikiliza DJ anayetafsiri. Mwingine anaitetea Pulp Fiction, filamu nyingine ya kinyang'anyiro hicho hicho, mpaka makombo ya kashata yanamrukia jirani. Hivi wenzangu, vijiwe vyenu vinapona kweli? Halafu Shawshank ilionewa, asibishe mtu!