Ukuta wa kupita na ukuta wa kiingilio

Ndugu wakinitembelea hapa York, Uingereza, huuliza swali lilelile: Wazungu wamewezaje kuutunza ukuta wa karne ya 13 na 14? Jibu langu huwavunja moyo. Hawakutaka kuutunza. Mwaka 1800 wakubwa wa mji waliazimia kuomba idhini ya Bunge waubomoe, maana ukarabati ulikula fedha na malango yalibana magari ya farasi. Vipande vikaangushwa kweli. Ngome za mbele ya malango ziliondolewa, ikabaki ya lango la Walmgate tu, yenye makovu ya mizinga ya vita vya 1644. Kilichouokoa ni kelele za watu, akiwemo mchoraji William Etty.

(Hapa lango huitwa "bar" na mitaa mingi huishia na "gate". Mwezi wa kwanza nilipotea sana.)

Na usidhani ulijengwa kwa hazina ya mfalme pekee. Mfalme aliupa mji ruhusa ya kutoza ushuru bidhaa zilizoletwa kuuzwa, pesa ziende kwenye mawe. Mkulima na gunia lake, basi, ana sehemu yake humo.

Leo ni kama kilomita 3.4 za kutembea bure. Mimi huupanda pale lango la Micklegate, kilipotundikwa kichwa cha Richard wa York, mtawala aliyewania taji la Uingereza, mwaka 1460, nikienda kazini. Wanafunzi wanakimbizana, mtu anapita na kahawa yake, hakuna anayetazama historia.

Kwetu Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili pwani ya Kenya, ni kinyume. Ukuta wa nje ulizunguka takriban ekari 45, na ukiinamia mawe yake unaona alama za matumbawe kama vinyota vilivyoganda kwenye chokaa. Wenyeji waliuhama mji karne ya 17, msitu ukaumeza, mizizi ikakumbatia kuta. Utotoni tuliambiwa kuna mizimu. Nilipoingia mara ya kwanza ilikuwa na darasa zima, kwa foleni, mikono nyuma, marufuku kugusa.

Sisemi watu wapande ukuta wa Gede, utaporomoka. Ila jirani aliyezaliwa kando yake angepaswa kupita humo kama anavyopita sokoni, si kama mgeni.

Mwaka 2024 UNESCO walipoiingiza Gede kwenye Urithi wa Dunia, nilimpigia mjomba simu kwa furaha. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa kiingilio kitapanda?"