Karani Mwenye Hofu Hawezi Kulinda Duka

Ninatunza hesabu za maduka kadhaa madogo ya Kariakoo, na kila unapotokea wizi wa mtandaoni, swali la kwanza la mwenye duka huwa ni "Nani kabonyeza?" Naamini swali hilo limetuletea hasara kubwa kuliko makosa yenyewe ya wafanyakazi.

Duka moja la vifaa vya ujenzi lilipokea barua pepe iliyoeleza kwamba msambazaji wao wa mabati amehamia benki nyingine. Ankara iliyoambatanishwa ilikuwa na nembo ileile, mhuri uleule na kiasi kilekile walichodaiwa. Tofauti ilikuwa katika anwani ya mtumaji, ambamo herufi "r" na "n" zilibanana mahali palipopaswa kuwa na "m", na hata mimi sikuiona hadi nilipoyakuza maandishi kwenye kioo. Karani alilipa Ijumaa jioni, wateja wakiwa wamejaa kaunta na fundi mmoja akimhimiza amwandikie risiti ya nondo. Kesho yake asubuhi msambazaji halisi alipopiga simu kuulizia fedha zake, binti yule alielewa papo hapo kilichotokea.

Alinyamaza hadi Jumatano, aliponiambia, "Kaka, kuna kitu nimeharibu, ila bosi asijue kwanza." Alikuwa amemwona mwenzake akikatwa mshahara miezi mitatu kwa kukosea namba katika muamala wa simu, kwa hiyo siku zote hizo alikuwa akizunguka kwa ndugu kutafuta mkopo wa kuziba pengo. Benki ilipoarifiwa, akaunti ya tapeli ilikwisha kukaushwa. Kulipa ankara ile kulikuwa kosa la dakika chache ambalo mtu yeyote aliyechoka angeweza kulifanya. Siku zilizofuata, ambazo ndizo benki ingeweza kujaribu kuzizuia fedha, zilipotea kwa sababu ya hofu.

Mtu asidhani kwamba mtego huu huwanasa wasiosoma. Kati ya mwaka 2013 na 2015, Mlithuania Evaldas Rimasauskas alijifanya kampuni ya Quanta Computer ya Taiwan, akazitumia Google na Facebook ankara za bandia, na wahasibu wakalipa zaidi ya dola milioni 100. Makampuni hayo yaliendelea na kazi zake. Duka ambalo mtaji wake wote umo katika mzigo unaosubiriwa bandarini halina uwezo huo.

Tukilitazama duka lile la vifaa vya ujenzi kwa haki, tutakuta kwamba ni mwenye duka aliyeruhusu mtu mmoja abadilishe namba ya akaunti ya msambazaji na kulipa bila mwingine kuangalia. Ni yeye pia aliyeweka neno moja la siri kwa watu watano, likiwa limeandikwa nyuma ya kikokotoo, na hakulibadilisha hata baada ya wawili kati yao kuacha kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo humtwika anayekusanya taarifa za wateja wajibu wa kuzilinda, na katika duka dogo huyo ni mwenye duka.

Ninachowashauri hakihitaji fedha. Taarifa yoyote ya kubadilisha akaunti ithibitishwe kwa simu, kwa namba ya zamani iliyomo kwenye daftari na si ile iliyoandikwa katika barua pepe. Ujumbe wa kitapeli wa simu utumwe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Na mwenye duka atamke mbele ya wafanyakazi wote kwamba atakayekosea akasema siku hiyohiyo hatakatwa hata shilingi, kisha alitimize neno hilo siku litakapomgharimu, kwa maana wafanyakazi wataamini watakachokiona.

Binti yule alikatwa mshahara, akaacha kazi kabla deni halijaisha. Nilipokwenda kufunga hesabu za mwezi uliofuata, karani mpya alinigeuzia kikokotoo ili nisome neno la siri, na lilikuwa lilelile.