Mbwa Hana Kosa, Kosa Lako

Jamani, michezo ya kumdhalilisha mtu mzima ipo mingi, lakini huu wa ajiliti, mbwa anakimbia kupita vikwazo na wewe unamwelekeza kwa sauti na mwili, umepitiliza. Ukicheza mpira mkafungwa, mnamlaumu kipa. Ukipanda farasi ukaanguka, unamlaumu farasi na watu wanakuelewa. Hapa mbwa ndiye anayeangusha ufito, halafu uwanja mzima unakuangalia wewe. Mwamuzi anakuangalia wewe. Hata mbwa mwenyewe, akishamaliza, anageuka na kukukazia macho kama konda anayedai nauli.

Na kinachouma zaidi ni kwamba wana haki. Kosa ni lako.

Mchezo wenyewe ulianza kama kipoozeo. Mwaka 1978, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kule London, walitafuta kitu cha kuwashika watazamaji vitini wakati wa mapumziko, wakaiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi na kuwatupia mbwa. Kipoozeo hicho leo kina ubingwa wa dunia, unaoandaliwa na FCI, shirikisho la mbwa lenye makao yake Thuin, Ubelgiji. Tangu 1996 ni kila mwaka, ukiacha ile miwili ya korona: sare za taifa, bendera, na watu wazima wenye kazi zao za heshima wanalia mbele ya kamera. Mwaka 2013 ubingwa ulishuka hadi Johannesburg. Liberec, kule Cheki, umerudi mara kadhaa, 2023 ikiwemo, ndani ya ukumbi wa hoki ya barafu uliotandikwa nyasi bandia.

Sasa anza kuhesabu karaha. Mbwa koko, hata awe anapaa, ubingwa huu haumhusu. Lazima awe na cheti cha ukoo kinachotambuliwa na FCI, na awe ametimiza miezi 18. Watu wangapi mtaani wanajua jina la babu yake babu? Mbwa analijua, limepigwa muhuri.

Halafu kipimo. Mbwa anapimwa kutoka chini hadi mabegani. Tangu 2023 madaraja ni manne: chini ya sentimita 35, kuanzia 35 hadi chini ya 43, kuanzia 43 hadi chini ya 48, na 48 kwenda juu. Mwenye 42.9 anaruka fito za sentimita 35 hadi 40. Mwenye 43 kamili anapelekwa daraja la juu, fito za 45 hadi 50. Yaani unene wa kucha unamwongezea mbwa sentimita kumi za kuruka, kiunzi baada ya kiunzi, maisha yake yote. Ndiyo maana mbwa mwenye akili zake anafundishwa kupimwa tangu mdogo: asimame juu ya meza, miguu minne chini ya mwili, kichwa usawa wa mgongo, apumue. Mbwa mwenye wasiwasi hujikaza na kuinuka, na siku hiyo huna pa kukata rufaa isipokuwa kwa Mungu.

Na kama unatokea Dar au Nairobi na mashindano yako Ulaya, weka kalenda ukutani kabla hujaweka ndoto. Kwanza chipu chini ya ngozi, ndipo chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukitanguliza chanjo, hiyo chanjo haihesabiki. Subiri siku 30 au zaidi, damu itolewe ipelekwe maabara inayokubalika, kinga isipungue 0.5 kwa kipimo chao. Tangu siku ya kutoa damu unahesabu miezi mitatu mizima ndipo mbwa aingie. Na kama ni Finland, kama ilivyokuwa Turku mwaka 2019, kuna dawa ya minyoo ya tegu inayotolewa na daktari kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia. Ukiitoa saa ya 20, umechemsha. Visa ya binadamu haina ukorofi huu.

Haya, umefika. Unadhani utapewa njia uizoee? Mwamuzi anapanga vikwazo asubuhi ileile, kati ya 15 na 22, uwanjani mita 20 kwa 40, kisha mnapewa dakika chache tu za kuipita kwa miguu, bila mbwa. Mtu asiyeujua mchezo akiingia dakika hizo ataomba msaada. Watu wazima hamsini wanatembea mkono mmoja mbele, wanageuka ghafla, wanasema “njoo, njoo, nje!” kwa mbwa ambaye hayupo. Kwetu wangeitiwa ndugu zao.

Lakini wana sababu. Mzunguko wa kwanza unasoma namba za vikwazo. Wa pili unapita njia ya mbwa, kichwa chini, uone anachokiona yeye akitoka handakini, lile bomba analopita ndani, kwa sababu mbele yake mara nyingi kuna midomo miwili ya mahandaki iliyokaa pua kwa pua, na mmoja ni wa kukutoa mashindanoni. Wa tatu unapita njia yako wewe. Hapo ndipo wengi wanajidanganya. Wanatembea taratibu, wanafika kila kona kwa wakati, wanaridhika. Mbwa mkubwa wa kiwango hiki anakula mita tano, sita kwa sekunde, kona zikiwemo. Wewe na hilo tumbo lako utakuwa wapi akishatoka kwenye handaki la mita 6? Basi simama hapo ulipo kweli, siyo unapotamani kuwa, uone kama sauti na bega vitatosha kumgeuza.

Kisha unaingia mikono mitupu. Hakuna biskuti, hakuna mpira, hakuna kamba. Umemlea miaka mitatu kwa vipande vya ini na soseji, leo unamwambia akuamini kwa mkopo.

Tuje kwenye ufito, maana ndio unaowaua wengi. Ufito haujafungwa, umelazwa tu kwenye vishikizo, mbwa akiugusa kwa ukucha unashuka. Hapo unaandikiwa makosa matano ya adhabu. Ukiiangalia picha polepole, kifua na miguu ya mbele vimepita salama kabisa. Kilichoangusha ni miguu ya nyuma. Kwa nini? Kwa sababu mbwa akiwa hewani wewe ulipiga kelele jina lake. Alifanya adabu, akageuza kichwa akuangalie, mgongo ukapinda, kiuno kikashuka. Taarifa ya kona inatakiwa imfikie kabla hajaruka, hatua moja au mbili nyuma, wakati bado anapanga miguu. Akishaondoka ardhini, funga mdomo. Watu wazima kufunga mdomo kwa nusu sekunde, ndugu zangu, ni kazi kuliko kumfundisha mbwa hesabu.

Nguzo za kupenya ni 12, zimeachana sentimita 60, na ya kwanza lazima ibaki kushoto kwa mbwa. Akiingilia upande mwingine, inaandikwa kuwa amegoma. Kuzifundisha kunataka uvumilivu wa mpika halua: unazipanga safu mbili zenye ujia katikati, mbwa anapita moja kwa moja, halafu unaubana ujia kwa sentimita chache tu kila anapokuwa amezoea, mpaka safu mbili zinakuwa moja na yeye anajikuta anacheza kiuno. Ukibana haraka, anajifunza kuruka nje. Na hata aliyeiva anachomoka kwenye ya kumi, siku zote ile ya kumi, kwa kuwa bwana mkubwa ameshaanza kugeuza mabega kuelekea kikwazo kinachofuata. Mbwa hasomi namba. Anasoma mabega.

Pembea ya ubao ndiyo yenye roho mbaya kuliko zote. Mhimili uko sentimita 60 juu, na ubao lazima uguse chini mbwa akiwa bado juu yake. Wanaukagua kwa kuweka uzito wa kilo 1 kwenye sehemu ya chini iliyopakwa rangi: ushuke kwa sekunde mbili hadi tatu. Mbwa wa kilo 20 akifika nao ubao unabamiza mara moja, basi. Kambwa ka kilo 5 kanasimama ncha ya ubao kakisubiri ushuke, mkia umetulia, kama abiria kwenye kivuko. Wewe huko mbele una haraka, unapiga hatua moja tu. Kanaona umeondoka, kanaruka ubao ungali hewani. Matano.

Daraja, ule ubao mwembamba wa kupita juu, na paa, zile mbao mbili zilizoegemezana, ni hadithi hiyohiyo: mbwa akishuka lazima aguse sehemu ya rangi, sentimita 90 za mwisho kwenye daraja, 106 kwenye paa. Wapo wanaofundisha mbwa asimame, miguu ya nyuma ubaoni, ya mbele chini, mpaka aambiwe nenda. Ni salama, lakini inakula muda. Wapo wanaofundisha apite mbio na kukanyaga rangi humohumo ndani ya mwendo. Ni tamu, lakini ukiongeza tu presha hatua inarefuka, anairuka rangi nzima kama dereva wa bodaboda anavyovuka tuta. Mimi nasema chagua la kwanza. Ila ukichagua la kwanza, usimwachie mapema fainali eti kwa sababu ya saa ya ukutani. Ukimwachia mara moja, ameshaelewa: kumbe palipo na bendera, sheria ni nyingine. Mashindano yajayo hasimami, na wewe unasema amekuwa mkaidi.

Mwamuzi hasemi kitu. Mkono wazi juu ni kosa. Ngumi ni kugoma. Mikono ikipishana, kwaheri ya kuonana. Hilo neno kugoma nalo lina matatizo. Mbwa amepita pembeni ya kiunzi kwa sababu wewe ulisimama njiani kama kibanda cha vocha, halafu inaandikwa kwamba yeye amegoma. Tatu ukatoka.

Afadhali basi ukiwa peke yako. Kuna mbio za timu, mbwa wanne wa taifa moja, matokeo bora matatu ndiyo yanahesabiwa. Maana yake mmoja ana ruhusa ya kuharibu, na hakuna anayejua ni nani mpaka imeshatokea. Wa kwanza akitolewa, watatu waliobaki wanaanza kukimbia kama wamebeba mayai, mbwa wanahisi, wanapoza mwendo, na wakizidisha muda uliowekwa kila sekunde ya ziada ni kosa. Wa pili akitolewa, matumaini ya timu yameondoka naye, kanyweni kahawa.

Na jike aliyeingia joto haachwi nyumbani. Anatengwa na wenzake, anakimbia mwisho kabisa, baada ya wote, ili harufu yake isiwapoteze madume akili. Basi hapo mwenye jike anakaa tangu asubuhi nje kabisa, peke yake na kiti chake cha kukunja, akisubiri zamu ya wa mwisho kama mwenye deni dukani.

Ukitolewa, utaratibu ni huu: unacheka. Unamsifu mbwa kwa sauti ya harusi, unakimbia naye hadi mlangoni, unamvisha kamba, unampa ule mpira wake pale nje na kuvutana naye kama mmeshinda. Kwa sababu yeye alifanya hasa ulichomwonyesha: mabega yalisema handaki la kulia, akaingia la kulia. Ukinuna, atajifunza kwamba kukutii kunamletea uso huo. Uso wako halisi unautoa kwenye gari, madirisha yakiwa yamefungwa.

Halafu anakuja nahodha wa timu na karatasi mkononi. Kesho saa mbili asubuhi, mbio za timu. Wawili wa kwanza wako fiti, wa tatu mbwa wake anachechemea kidogo, wanamkanda. Wa nne ni wewe.