Seli shina kwa mgonjwa wa MS: anayefaa kupewa ndiye anayecheleweshwa

Siku mgonjwa wa MS, ugonjwa wa neva, anaporudishiwa seli shina zake, yaani seli za uloto wa mifupa zinazozaa damu na kinga, kazi kubwa ya tiba imekwisha kufanyika. Mfuko mdogo wa seli zilizogandishwa huyeyushwa, huning'inizwa kama dripu yoyote, na baada ya muda mfupi huwa mtupu. Kilichoupiga ugonjwa ni dawa kali za kufuta kinga alizopewa siku zilizotangulia. Seli zile zimekuja kumwokoa na dawa, si na ugonjwa.

Naanza hapo kwa sababu jambo hili hupotea karibu kila tiba hii inapozungumzwa. Tukisikia "seli shina" wengi wetu tunafikiria shamba lililoungua likipandwa mbegu mpya: neva zilizokufa zifufuke, mguu uliolegea upate nguvu. Tiba yenye ushahidi haifanyi hivyo. Na asiyelijua hilo hawezi kupima wanaoitetea wala wanaoipinga.

MS, au maltipo sklerosisi, ni ugonjwa ambamo kinga ya mwili inageukia mayelini, lile ganda la mafuta linalofunika nyuzi za neva ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Ganda likibanduka, ujumbe hupita kwa kukatikakatika. Jicho linafifia, mguu unakufa ganzi, mkojo haushikiki, uchovu unakuja usio na uhusiano na kazi uliyofanya. Wengi huanza na mashambulio yanayokuja na kuondoka. Kwa baadhi yao, miaka ikipita, mashambulio hupungua lakini ulemavu unaendelea kuongezeka polepole. Hizo ni hatua mbili tofauti, na ubishi wote kuhusu tiba hii umesimama juu ya tofauti hiyo.

Katika hatua ya kwanza moto unawaka: kinga inavamia, na picha ya MRI inaonyesha madoa mapya. Hapo ndipo upandikizaji wa seli shina unapoingia. Mgonjwa hupewa dawa za kuzitoa seli shina kwenye uloto ziingie katika damu, zikavunwa kwa mashine na kugandishwa. Kisha hupewa tibakemikali pamoja na dawa ya kuangamiza seli za kinga, ndipo seli zake mwenyewe zirudishwe. Kwa wiki kadhaa hana kinga ya kutosha hata dhidi ya vijidudu vya kawaida. Kinga mpya inayochipuka ni kama mtoto aliyerudishwa chuoni kuanza na alifu, hata chanjo za utotoni hulazimika kurudiwa. Matumaini ni kwamba safari hii haitajifunza uadui na mayelini.

Je, inafanya kazi? Kwa aina ya mgonjwa anayefaa, matokeo yake ni makubwa. Mwaka 2016 madaktari wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Harold Atkins na Mark Freedman, walitoa katika jarida la Lancet matokeo ya wagonjwa 24 wenye MS kali. Kabla ya tiba, picha zao 48 za MRI zilikuwa zimeonyesha madoa 188 yenye uvimbe hai. Baada ya tiba zilipigwa picha 327, na hapakuonekana hata doa moja la aina hiyo. Shambulio jipya halikutokea. Lakini katika wale 24, mmoja alikufa kwa madhara ya tiba yenyewe, na takwimu hiyo lazima itajwe pamoja na zile nyingine, kila mara.

Jaribio lililotikisa zaidi lilitangazwa Januari 2019, likiongozwa na Richard Burt wa Chicago, na vituo vya Sheffield, Uppsala na São Paulo. Wagonjwa 110 waligawanywa kwa kura makundi mawili ya watu 55, moja likapandikizwa, jingine likaendelea na dawa. Ulemavu uliongezeka kwa watu 3 katika waliopandikizwa, na kwa 34 katika wenzao. Dawa zilizotumika kuwapunguzia kinga zilikuwa za wastani kuliko zile za Ottawa, na hakuna aliyekufa. Baadhi hata walirudishiwa uwezo waliokuwa wamepoteza, kwa sababu uvimbe ukitulia, neva ambayo haijafa hupata nafasi ya kufanya kazi tena.

Wanaosita wana hoja nzito, na si haki kuwaita watu wanaolinda soko la dawa. Jaribio la Burt halikuhusisha okrelizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, wala alemtuzumabu, ambazo ni miongoni mwa silaha kali tulizonazo. Ushindi ulipatikana dhidi ya dawa ambazo nyingi tayari zilikuwa zimeshindwa kwa wagonjwa wale wale. Pia kila mtu alijua kapewa nini. Mwaka 2023 uchambuzi ulioongozwa na Tomas Kalincik wa Melbourne ulilinganisha kumbukumbu za wagonjwa: upandikizaji uliishinda dawa ya fingolimodi waziwazi, ukaipita natalizumabu kidogo, na dhidi ya okrelizumabu tofauti haikuonekana, ingawa muda wa kuwafuatilia ulikuwa mfupi. Ikiwa dripu mbili za okrelizumabu kwa mwaka zinakaribia matokeo yale yale, kwa nini umpitishe kijana kwenye tibakemikali inayoweza kumnyima uzazi, na baadaye kumletea ugonjwa mwingine wa kinga, hasa wa tezi ya shingo?

Kwa mgonjwa ambaye hajajaribu dawa kali hata moja, hoja hiyo naikubali. Kwa yule ambaye dawa kali imeshindwa kumsaidia na madoa yanaongezeka, siikubali. Huyo hachagui kati ya hatari na usalama. Kusubiri nako kunampotezea neva, na neva iliyokufa hairudi kwa dripu wala kwa upandikizaji.

Hapo ndipo naona kosa la miaka mingi. Tiba hii ilianza Thessaloniki, Ugiriki, mwaka 1995, chini ya Athanasios Fassas. Wagonjwa 15 wa kwanza walioripotiwa walikuwa wa ile MS inayosonga mbele, yaani hatua ya pili ambapo ulemavu huongezeka polepole, watu ambao dawa hazikuwa na la kuwafanyia. Uamuzi huo unaeleweka, maana tiba ya hatari huanza na asiye na njia nyingine. Lakini desturi ikabaki kwamba upandikizaji ni wa mwisho, baada ya kila kitu kushindwa. Mwaka 2017 Paolo Muraro na wenzake walipokusanya rekodi za wagonjwa 281 waliopandikizwa kati ya 1995 na 2006, wengi wao wa hatua ya kusonga mbele, walikuta asilimia 46 hawajaongezeka ulemavu baada ya miaka 5. Wanane walikufa ndani ya siku 100. Waliofanikiwa zaidi walikuwa vijana, wenye mashambulio, wenye ulemavu mdogo, na waliopitia dawa chache. Soma sifa hizo tena: ni kinyume kabisa cha mtu ambaye desturi ile ilimruhusu kupandikizwa.

Miongozo imeanza kusogea. Chama cha kitaifa cha MS cha Marekani kilisema mwaka 2020 kwamba anayefaa zaidi ni mwenye umri chini ya miaka 50, asiyezidi miaka 10 ya ugonjwa, na ambaye mashambulio yanaendelea licha ya dawa kali. Majaribio ya BEAT-MS huko Marekani na STAR-MS huko Uingereza yameanzishwa ili kupambanisha upandikizaji na dawa kali zenyewe, na ndiyo ninayoyaona kuwa pambano la haki.

Aliye kwenye hatua ya kusonga mbele, anayetembea kwa fimbo au kiti cha magurudumu, ndiye anayetafuta neno "seli shina" usiku kwenye simu, naye ndiye tiba hii inamfaa kidogo. Moto kwake umefifia, na kinachomla ni uharibifu wa ndani ambao kufuta kinga hakuufikii. Huyo ndiye anayelengwa na kliniki zinazouza seli za mesenkima, zinazotolewa kwenye uloto au mafuta ya tumbo, zikachomwa bila tibakemikali. Jina ni lile lile, tiba ni nyingine kabisa. Seli hizo zilipopimwa dhidi ya dawa bandia katika jaribio la MESEMS, lenye wagonjwa 144 katika nchi 9, hazikupunguza madoa. Watafiti wa Italia na Cambridge walitangaza mwaka 2023 kwamba wamechoma seli shina za neva katika ubongo wa wagonjwa 15 wa hatua hiyo bila madhara makubwa. Hiyo ni hatua ya usalama, haijawa tiba, na anayeiuza leo anauza kisichokuwepo. Naumia zaidi ninapofikiria familia inayouza kiwanja kwa ajili ya sindano hiyo.

Kwa upande wetu Afrika Mashariki, ujuzi wa kupandikiza si ndoto. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Lakini kwa MS sioni sababu ya kuanzia huko. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za MS katika orodha yake ya dawa muhimu, na mojawapo ni rituksimabu, ambayo inatumika pia kutibu saratani ya tezi za limfu na hushambulia seli zile zile zinazolengwa na okrelizumabu. Daktari wa neva anayemwona msichana wa miaka 25 aliyepofuka jicho moja kwa wiki mbili, akamwagiza MRI badala ya kumwandikia miwani, halafu akamwanzishia rituksimabu mapema, amemfanyia jambo ambalo upandikizaji wa miaka 12 baadaye hautaweza kulifanya.